Dimbwi la Mama na Ndege wa Leta

Mimi ndege siwapendi, na sitaki kubembelezwa niwapende. Juzi mjukuu wangu mmoja aliyesoma alikuja kunieleza kwamba kuna watu wanatoka mbali, wanakaa kando ya maji kutwa nzima wakiangalia ndege wa porini, na kwamba jambo hilo lina faida kwa nchi. Nikamwambia ale kwanza, tutazungumza baadaye. Hatukuzungumza, maana nilijijua, ningepandisha hasira na chakula kingemkaa kooni.

Nilishakaa kando ya maji kuangalia ndege. Nilikaa kwa lazima, nimechuchumaa nyuma ya Mubelgiji na bibi yake, mkewe, nimekatazwa hata kukohoa.

Ziwa letu ni dogo. Liko bondeni chini ya kijiji chetu, ukitoka Wamaza asubuhi kwa miguu kuelekea Kabambare unalifikia jua likiwa utosini. Pande zake zote ni matete na mafunjo, na wakati wa kiangazi maji yanarudi nyuma, yanaacha madimbwi pembeni, kila dimbwi na samaki wake. Madimbwi hayo yalikuwa ya wanawake. Mama anamwachia binti yake, binti anamwachia wake, na mwanaume hatii mguu ndani. Mwanaume akikanyaga dimbwi la mwanamke, kwetu ni aibu ambayo haitoki. Watu watamcheka mpaka azikwe, na wenzake hawatakula naye sahani moja. Wanawake walijenga ukuta wa matope, wakamwaga maji upande wa pili kwa vibuyu, wakaimba nyimbo za matusi ambazo siwezi kuziandika hapa, na mwisho wakabaki na kambale wanaogaagaa kwenye tope. Pamba ya lazima ilikuwa imetula mikono na migongo mwaka mzima. Samaki wa kiangazi ndio walikuwa chakula chetu sisi wenyewe, ambacho hakuna aliyetuamuru kukipanda.

Halafu Leta, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, ikaamua kwamba ziwa lile ni la ndege. Walikuja watu wakapigilia mbao zenye maandishi kwenye miti. Tuliambiwa hakuna kuvua, hakuna kukata matete, hakuna kuchoma nyasi, hakuna hata kupita bila ruhusa. Ndege wanataka utulivu. Sisi ambao hatukuwa tumeona utulivu tangu barabara ya Kasongo ianze kulimwa, tuliambiwa tuwape ndege utulivu.

Mwaka huo baba yangu alikuwa amekufa. Alikufa mvua zikiwa zinamalizika, kwa homa, na mama akaingia kwenye kilio. Kilio cha mjane kwetu si machozi tu. Mjane hanyoi, hajipaki mafuta, anavaa kitambaa cheusi, haketi kwenye kiti, na hamkatalii kitu ndugu wa marehemu anapoingia nyumbani. Na kilio hakimaliziki chenyewe. Kiangazi kikifika, mjane anakwenda kwenye dimbwi lake mwenyewe, anakamata samaki kwa mikono yake mwenyewe, na ndugu za mumewe wanakula. Wakishakula, basi, wamemwachia. Ananyolewa, anarudi kwa watu, anaolewa anapotaka au anakaa zake. Lakini mvua ya kwanza ikianguka hawajala, anakuwa wa ndugu wa marehemu. Anahamishwa na vyungu vyake. Hakuna kesi, hakuna wa kumlilia.

Ndugu huyo alikuwa baba yangu mdogo, na baba yangu mdogo ndiye Leta iliyempa kazi ya kulinda ziwa.

Alikuwa polisi wa sultani, chifu wetu. Alikuwa na kofia nyekundu, mkanda wa ngozi na miguu mitupu, na alijifunza Kifaransa kidogo Kasongo alipokuwa akifagia kwa wazungu. Nilimchukia, na Mungu anisamehe kama anaweza, bado namchukia. Alikuwa na bibi wawili tayari, na wote wawili walikuwa na makovu. Kila jioni alikuja kwetu, akaketi kwenye kiti cha baba, akanyoosha miguu, akaomba maji kwa sauti ya mwenye nyumba. Alianza kumwita mama bibi yangu, yaani mke wangu, kilio hakijafika hata nusu. Mama alikuwa chini kwenye mkeka. Baba mdogo alizungumza habari za mbao na sheria, akasema Leta imemwamini, akasema mwanamke atakayeonekana majini atakwenda kwenye kasho, jela yao ya Kabambare. Aliyasema hayo huku anamtazama mama na kutabasamu. Alijua vizuri anachokilinda, na hakikuwa ndege.

Nilikuwa mwari wakati huo, nimeshachumbiwa, na nilikuwa na mdomo. Nilimwambia mama twende kwa sultani. Tulikwenda. Sultani alikuwa mtu mzima mwenye haya, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye mwenyewe amekatazwa kwenda pale alipooshea miguu tangu utoto, sasa atamruhusu nani? Akasema tungoje, labda Leta itabadilisha. Mama alimshukuru. Mimi sikumshukuru.

Kiangazi kilikuwa kimekomaa, mawingu yameanza kupita juu asubuhi, ndipo wale wawili walipofika. Mubelgiji na bibi yake, wageni wa mukubwa wa Kabambare, wametoka Ulaya kuja kutazama ndege wetu. Gari liliwafikisha linapoweza, kutoka hapo ikawa ni vichwa vyetu. Baba mdogo alichagua watu wa kubeba. Alinichagua mimi nibebe viti viwili vya kukunja na kikapu cha chakula chao, akasema hivyo nitajifunza heshima kabla sijawa binti yake. Nilitema mate chini. Alijifanya hakuona.

Walikuwa wamejengewa kibanda cha matete ukingoni, chenye matundu ya kuchungulia. Na kibanda kilitazama wapi? Dimbwi la mama yangu. Lilikuwa limenywea, limebaki kama uwanja wa nyumba, kambale wamejaa humo mpaka maji yanatetemeka, na ndege wote wa ziwa wamehamia pale kula. Korongo, bata, ndege wadogo wa rangi wenye midomo mirefu. Na yule waliyemtaka zaidi, mweusi, anayeogelea mwili ukiwa ndani ya maji na shingo tu nje, akitoka anatandaza mabawa kwenye mti ayaanike. Madamu alipomwona alishika mkono wa mume wake, machozi yakamlengalenga. Kwetu yule ni mwizi wa mitego, na nyama yake inanuka tope.

Kutwa nzima walikaa na darubini zao. Walinong'ona, walimimina kahawa kutoka kwenye chupa, walijipaka dawa ya mbu. Sisi nyuma tuliliwa na mbu kwa niaba yao. Ukijikuna, baba mdogo anakukazia macho. Mzee mmoja aliyebeba mahema alibanwa na kikohozi, akajitumbukizia nguo mdomoni mpaka macho yakatoka. Na mimi nilikuwa naona mbele yangu, katikati ya vichwa viwili vya wazungu, ndege wanameza samaki mmoja baada ya mwingine, na kila samaki aliyemezwa alikuwa wa kumtoa mama kwenye mikono ya mtu yule. Niliwakasirikia ndege, nikawakasirikia wazungu zaidi. Ndege angalau walikuwa na njaa.

Walipopumzika kula mchana, nilikwenda mbele ya Mubelgiji. Nilipiga magoti, kwa sababu nilifundishwa hivyo, na nilimwambia baba mdogo anitafsirie. Nilisema mama yangu ni mjane, dimbwi hili ni lake, anaomba asubuhi moja tu, samaki wa kitunga kimoja, halafu hatarudi. Nilisema taratibu ili asipate kisingizio. Baba mdogo alinisikiliza akiwa amesimama wima na kofia yake, kisha akamgeukia muzungu akasema maneno machache mno. Madamu alinitazama kwa huruma. Aliinua kifuniko cha kikapu nilichokuwa nimebeba mwenyewe, akanipa kopo la sardini.

Baba mdogo alisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ili kila mtu asikie, kwamba madamu amesikia nina hamu ya samaki.

Nilirudi nalo nyumbani. Sijui kwa nini sikulitupa. Nililiweka mbele ya mama na nikamwambia yote, kibanda kilipo, dimbwi lilivyopungua, ndege walivyojaa, na nilichofanyiwa. Nililia kwa hasira, si kwa kingine. Mama hakulia. Aliligeuza lile kopo, akatazama picha ya samaki iliyochorwa juu yake, akauliza kama wazungu watakwenda tena kesho. Nikasema watakwenda. Akauliza kama baba mdogo atakuwepo. Nikasema atakosaje. Akaniambia niende kulala, viti vya watu ni vizito.

Kesho yake tulifika jua likichomoza. Wazungu waliingia kibandani, darubini zikapanda. Ndege walikuwa wengi kuliko jana. Yule mweusi alikuwa kwenye mti wake, amejianika. Muda si muda nikaona matete ya upande wa pili yanatikisika, na mama yangu akatoka.

Alitoka na kitambaa chake cheusi, nywele timutimu za kilio, kitunga mkononi. Hakukimbia wala hakujificha. Aliingia kwenye dimbwi katikati ya ndege kama mtu anayeingia shambani kwake, na ndege wote wakaruka kwa pamoja. Sijapata kusikia kelele ya mabawa ya namna ile. Mubelgiji aliinuka akapiga kichwa kwenye paa la kibanda. Alitoka nje, uso mwekundu, akampigia baba mdogo kelele kwa lugha yao, mkono umenyooka kumwelekea mama. Hapakuwa na haja ya tafsiri. Alimtaka aingie amtoe.

Baba mdogo alikimbia mpaka ukingoni, na pale akasimama. Maji yalikuwa mbele ya vidole vyake. Nyuma yake muzungu anamfokea, mbele yake dimbwi la mwanamke, na sisi wabebaji wote tumesimama tunamtazama miguu. Aliinua mguu mmoja. Akaurudisha. Akaanza kumtukana mama kutoka nchi kavu, akamwita mwendawazimu, mchawi, akamwambia atamvunja. Mama alikuwa ameinama na tope mpaka mapajani, anapapasa, anashika kambale kwa nyuma ya kichwa, anamtupa kitungani, anapapasa tena. Alifanya kazi yake yote. Alichagua wakubwa, wadogo akawaachia. Muzungu alipoona polisi wake hasogei, alichukua jiwe akalitupa majini, likaanguka mbali. Madamu alikuwa anamshika koti.

Kitunga kilipojaa mama alitoka. Njia ya kurudi matetani ilikuwa wazi, angeweza kupotea humo na asionekane mpaka jioni. Nilimwomba moyoni apotee. Alikuja upande wetu. Alipanda ukingo, akamfikia baba mdogo, akapiga magoti kama inavyopasa, akaweka kitunga mbele ya miguu yake. Tangu baba azikwe sikuwa nimesikia sauti yake mbele ya mtu yule.

"Chukua, mulamu," alisema.

Mulamu ndilo neno la mwanamke kwa ndugu wa mumewe. Baba mdogo alimpiga kofi. Kisha akachukua.

Mubelgiji aliamuru mama afungwe, na kesho apelekwe mbele ya sultani, yeye mwenyewe awepo ashuhudie. Samaki, akasema, wawekwe kama ushahidi. Baba mdogo aliitika ndiyo bwana, ndiyo bwana. Mama akalala kwenye kibanda cha polisi, mikono imefungwa kamba. Nilimpelekea chakula nikafukuzwa mlangoni. Nilipokuwa narudi nikapita nyuma ya nyumba ya baba mdogo, nikasikia harufu. Kambale wanachemka na mafuta ya mawese na pilipili. Ndugu zake walikuwa wamekaa uani, wanacheka, bibi yake mdogo anasonga bugali.

Msimshangae. Huo ndio ulikuwa mtindo wake siku zote. Nyama aliyomnyang'anya mwindaji, pombe aliyosema ameimwaga, kuku wa faini, vyote vilipita kwenye chungu chake kabla havijafika kwa Leta, na Leta haikuuliza. Kofia ile ilikuwa imemzoeza. Alikuwa hata hafikirii tena ni nyama ya nani. Nilisimama pale nyuma ya ua, mwanzoni nikaona uchungu tu, kwamba wanakula jasho la mama huku yeye amefungwa. Kisha nikaelewa. Sikusema na mtu. Niliogopa hata kupumua wasije wakaacha kula.

Asubuhi uwanja wa sultani ulijaa. Wageni walikaa kwenye viti vyao vya kukunja, ambavyo bila shaka nilivibeba mimi. Mama aliketi chini. Baba mdogo alisimulia kosa, akalitia chumvi, akatafsiri huku na huku. Mubelgiji alizungumza kwa muda mrefu juu ya ndege. Tuliambiwa kwamba ndege wale ni mali ya dunia nzima. Wazee walisikiliza kwa adabu. Kisha mgeni akataka kuona samaki, ajue ni wa aina gani.

Baba mdogo alisema kwamba samaki wangeoza.

Sultani akamuuliza wako wapi basi. Aliuliza kwa upole, akitazama fimbo yake.

"Tulikula," alisema baba mdogo.

"Nani alikula?"

"Mimi na ndugu zangu."

Alikuwa ameshasema kabla hajajua alichosema. Wazee hawakumtazama. Mwanamke mmoja nyuma yangu alishika mdomo kwa viganja viwili. Niliuona uso wa baba mdogo ukibadilika taratibu, macho yakienda kwa ndugu zake mmoja mmoja, na ndugu zake wakitazama chini, wameshiba.

Mama hakuinuka. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba dimbwi ni la mama yake, mikono iliyokamata ni yake, na kitunga alikiweka yeye mwenyewe miguuni kwa mulamu wake, watu wote waliobeba mizigo waliona. Baba mdogo alipiga kelele kwamba hakupikiwa na mjane, alipikiwa na bibi yake, kwamba wale walikuwa samaki wa Leta. Mzee mmoja akamuuliza tangu lini desturi inauliza nani aliyekoroga chungu. Baba mdogo akasema ni hila. Mzee akasema hila au si hila, iko tumboni.

Najua sultani aliogopa, mgeni alikuwa pale, na mgeni angeweza kupeleka neno Kabambare, na sultani angevuliwa kofia. Kisha akatoa hukumu bila kupandisha sauti. Kwa kosa la kuingia ziwani, mwanamke huyu atafanya kazi ya barabara kutwa chini ya ulinzi wa polisi, usiku alale kwake, mpaka mvua zitulie. Kwa habari ya kilio cha ndugu yetu, ndugu zake wamekula, kilio kimekwisha.

Alisema yote mawili kwa pumzi moja. Baba mdogo alitafsiri la kwanza tu. Mubelgiji akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akawashukuru wazee kwa kuwapenda ndege.

Nilimnyoa mama palepale nyumbani, kwa wembe wa baba. Nilimkata kidogo juu ya sikio, akanigombeza, na nilifurahi kugombezwa. Wazungu waliondoka siku zilezile na hatukuwaona tena. Dimbwi hatukulipata. Mbao zilikaa, mafunjo yakaota mpaka katikati, na mimi sina dimbwi la kumwachia binti yangu, jambo ambalo sijamsamehe mtu.

Mama alifanya barabara kiangazi chote kilichobaki na mvua za kwanza zikamkuta na jembe mkononi, upara unang'aa, baba mdogo amesimama pembeni na kofia yake anamlinda. Kwa Leta mama alikuwa mfungwa. Mvua ile ndiyo aliyoingoja mtu yule kiangazi kizima, ikamnyeshea na yeye. Jua liliposhuka alimfungulia, kama alivyoamriwa, na mama akatembea mpaka nyumbani kwake, akanawa miguu, akaketi kwenye kiti, akala, akafunga mlango kutoka ndani.